Gari Linalogonga Asubuhi Tu: Namna ya Kujua Mlio Unatoka Wapi

Saa kumi na mbili asubuhi unapiga stata. Injini inashika, na kabla haijatulia inatoa mlio mkavu, krrrrr, kama mtu anayetikisa kopo lenye misumari. Sekunde mbili, tatu, kimya. Unaendesha hadi gereji, fundi anafungua boneti, anawasha na kuzima mara tano, hasikii kitu. Anakuangalia. Halafu anasema: "Bosi, hizi gari zinajulikana, hiyo ni cheni. Tufungue."

Mimi niliambiwa hivyohivyo. Gari langu ni Toyota IST ya toleo la kwanza, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, na ninaishi Mafinga, ambako Juni na Julai ukiongea asubuhi mvuke unakutoka mdomoni. Bei niliyotajiwa ya kubadilisha cheni (ile ya ndani ya injini inayozungusha shafti ya vali) na vikorokoro vyake ilinifanya nirudi nyumbani kufikiri. Nilichogundua ni kwamba mlio huu una hila moja: unajitokeza mara moja kwa siku. Ukishawasha, injini imepata oili na joto, na ushahidi umefutika. Kwa hiyo kila asubuhi una nafasi moja tu ya kufanya jaribio moja. Ukiipoteza, subiri kesho. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa asubuhi.

Kwanza tuelewane kuhusu "baridi". Injini baridi ni ile iliyolala, tuseme saa sita hadi nane bila kuwashwa. Wa Tanga na Dar es Salaam mnaweza kuusikia mlio huu huku mnatokwa jasho. Baridi ya Njombe au Limuru huongeza uzito wa oili na kuukuza mlio, lakini si lazima iwe chanzo chake.

Jioni, kabla ya yote

Egesha gari mahali tambarare, sehemu ya wazi (usifanye majaribio haya ndani ya banda lililofungwa, moshi wa eksozi unaua bila harufu ya kukuonya). Kesho yake, kabla hujagusa stata, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, huna haja ya kuendelea kusoma: jaza hadi kati ya alama mbili, halafu usikilize tena. Injini kama ya kwangu hubeba lita 3.7 tu ukibadilisha na filta. Ikipungua lita moja, zaidi ya robo ya oili yote imekwenda.

Angalia pia oili yenyewe. Ikiwa imeganda kama uji mweusi chini ya kifuniko cha kujazia, kumbuka hilo, tutarudi kwake.

Na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi: huwaka ukifungua swichi na huzimika sekunde moja au mbili baada ya injini kushika. Ikikaa sekunde tano bado inawaka, zima. Usijaribu "kuipasha kidogo ipone". Hapo kuna tatizo la presha ya oili, na kila sekunde unayoiacha injini ikizunguka inakula beringi.

Asubuhi ya kwanza: rekodi

Mwombe mtu awashe, wewe usimame mbele ya gari boneti ikiwa wazi. Gia iwe P au N, breki ya mkono ivutwe, na mikono ya shati isilegee karibu na mkanda. Simu ianze kurekodi kabla stata haijapigwa. Acha irekodi dakika tatu nzima, hata baada ya mlio kuisha.

Ukiingia ndani kunywa chai, sikiliza rekodi na uhesabu sekunde. Hakuna chombo cha gereji kitakachokusaidia mwanzoni kuliko hesabu hii.

Mlio wa sekunde moja hadi tatu unaokatika ghafla, kama umezimwa kwa swichi, karibu kila mara ni jambo la oili kuchelewa kufika: filta, tensiona ya cheni (kifaa kinachoikaza), au gia ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka). Presha ikijaa, chuma kinatulia.

Mlio unaofifia polepole, nusu dakika hadi dakika kadhaa, ni wa chuma kinachotanuka kwa joto. Hapo mshukiwa ni gasketi ya manifoldi ya eksozi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini) inayovuja, au pistoni iliyopwaya kwenye silinda.

Mlio unaokuja na kuondoka kufuatana na mizunguko ya injini uko zaidi nje: bati, mkanda, puli. Injini baridi huzunguka haraka, kati ya 1,200 na 1,500 kwa dakika, kisha hushuka hadi karibu 700 ikipata moto. Kitu kilicholegea kinaweza kutetemeka kwenye 1,300 na kunyamaza kabisa kwenye 700, nawe ukadhani kimepona kwa joto.

Halafu kuna mlio usioisha, mzito, ngo-ngo-ngo kutoka chini, unaozidi ukikanyaga mafuta na kuzidi zaidi injini ikiwa ya moto. Huo si wa mwongozo huu. Hizo ni beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini). Gari livutwe, lisiendeshwe.

Rekodi yangu ilinichanganya. Mlio mkavu wa sekunde tatu ulikatika, lakini nyuma yake, kwa sauti ya chini, kulibaki kitu kama kijiko kinachogonga sufuria, kikaendelea sekunde kama kumi na tano. Kwa masikio ya kawaida ilikuwa kelele moja. Kwenye simu zilikuwa mbili.

Asubuhi ya pili: vitu vya bure

Leo usiwashe kwanza. Funga ngumi, gonga bati la kukinga joto lililofunika manifoldi ya eksozi, kisha lala chini ugonge lile lililofunika bomba na kataliti (kisafisha moshi). Injini imelala, hakuna kitakachokuunguza, na ndiyo raha ya kufanya kazi hii alfajiri. Bati zima hutoa sauti ya du, iliyokufa. Bati lililong'oka bolti au kuliwa na kutu kwenye tundu la bolti hulia kama debe.

Langu lililia kama debe. Bolti moja ilikuwepo, lakini kutu ilikuwa imekula bati kuizunguka, tundu limekuwa kubwa kuliko kichwa cha bolti. Niliweka kiduara pana cha chuma chenye tundu (washa) cha shilingi chache chini ya kichwa, nikakaza. Lililo kwenye bomba unaweza kulifunga kwa klipu ndefu ya chuma, zile za kubania mipira ya maji. Usifunge kwa plastiki wala kwa waya wa umeme wenye gamba, vitaungua. Na usikubali ushauri wa kuling'oa kabisa ulitupe: lipo kuzuia joto lisifike kwenye nyaya, mipira na sakafu ya gari.

Kabla hujawasha, tazama maungio ya manifoldi na kichwa cha injini. Masizi meusi yaliyochorwa kama moshi wa kibatari ni alama ya gesi inayopenya. Mvujo huo hutoa mlio wa tik-tik mkali unaofanana sana na wa tapeti (vipande vinavyosukuma vali), na hupungua chuma kikitanuka na kuziba upenyo wenyewe. Ukishawasha, pitisha kiganja karibu bila kugusa. Injini ikiwa baridi bado, utahisi mapigo ya hewa.

Sasa washa. Kwangu, kile kijiko kwenye sufuria kilikuwa kimetoweka. Kulibaki krrrr ya sekunde tatu.

Asubuhi ya tatu: mkanda

Hii unaweza kuiruka ikiwa mlio wako unatoka wazi upande mwingine. Legeza bolti za alteneta au tensiona ya mkanda, toa mkanda wa nje jioni, na asubuhi washa bila mkanda kwa sekunde 30, si zaidi. Kwenye injini nyingi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji na alteneta, kwa hiyo maji hayatembei na taa ya betri itawaka, usishtuke. Kama mlio umetoweka, tatizo ni puli, beringi ya alteneta, pampu ya maji au klachi ya kompresa ya AC. Zungusha kila puli kwa mkono mkanda ukiwa nje. Ile inayokwaruza au kucheza pembeni ndiyo yenyewe.

Mlio ukibaki, rudisha mkanda na usonge mbele ukiwa na amani.

Asubuhi ya nne: je, ni oili inayochelewa?

Hapa ndipo panapotenganisha bei ndogo na bei kubwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Usiku, oili hushuka kwenda kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini). Filta nzuri ina ulimi wa mpira ndani yake, unaoziba matundu ili oili iliyomo, na iliyo kwenye njia za juu, isirudi chini. Filta ikiwa imefungwa kwa ubavu au kichwa chini, ulimi huo ndio kila kitu. Ukiwa mgumu au haupo, asubuhi pampu huanza kwa kujaza filta tupu, kisha njia, kisha ndipo ifike kwenye tensiona inayosukuma cheni na kwenye gia ya VVT-i. Sekunde hizo mbili tatu ndizo unazozisikia.

Jaribio ni hili. Fungua kisanduku cha fyuzi, toa ile iliyoandikwa EFI. Bila hiyo injini itazungushwa na stata lakini haitashika. Piga stata sekunde tano, pumzika nusu dakika ili stata ipoe, piga tena tano. Rudisha fyuzi, washa kawaida. Sasa oili imeshasukumwa kwa upole. Kama krrrr imetoweka au imebaki kidogo sana, oili ndiyo iliyokuwa inachelewa. Kama mlio uko vilevile, kuna chuma kilichochakaa ambacho oili haiwezi kukificha.

Jaribio la ziada lisilohitaji spana: zima gari lililopata moto, liwashe baada ya saa moja, siku nyingine baada ya saa tatu, siku nyingine baada ya nane. Mlio ukirudi baada ya saa moja tu, oili inakimbia upesi mno, na filta ndiyo ya kwanza kushikwa.

Filta na oili: anza hapa hata kama una wasiwasi na cheni

Nilipofungua filta yangu niliiweka mezani pamoja na mpya niliyoinunua. Ukitazama filta upande wa mdomo, kuna tundu kubwa katikati lenye nyuzi, na vitundu vidogo vilivyoizunguka. Ingiza njiti kwenye kitundu kidogo. Kwenye ile mpya njiti ilikutana na mpira laini, ukabonyea na kurudi. Kwenye ile ya zamani njiti ilizama bila kupingwa hadi kwenye karatasi. Hapakuwa na ulimi. Nilikuwa nimeinunua kwa bei ya kutupwa, kwenye boksi lenye maandishi mazuri kabisa.

Tangu siku hiyo ninakwenda dukani na njiti mfukoni. Wauzaji wananicheka. Kariakoo au Kirinyaga Road, filta nzuri na mbovu hukaa rafu moja, na boksi si shahidi wa kuaminika.

Kuhusu oili: soma kitabu cha gari au kifuniko cha kujazia. Injini za 1NZ-FE zilipangiwa 5W-30. Huku kwetu kuna imani kwamba oili nzito inalinda injini iliyotembea sana, kwa hiyo gari linawekewa 20W-50. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi; ndogo inatiririka upesi. Ukiweka 20W kwenye gari la Makete mwezi wa saba, unaituma asali ipande ghorofani alfajiri. Kimya unachopata injini ikiwa ya moto unakilipia kila asubuhi.

Badilisha vyote viwili pamoja. Paka oili kidogo kwenye mpira wa filta, kaza kwa mkono, acha spana. Lala. Sikiliza kesho, na keshokutwa, kwa sababu asubuhi ya kwanza baada ya kubadilisha inaweza kudanganya.

Mlio ukibaki: gia au cheni?

Hapa unahitaji bisibisi ndefu. Weka ncha kwenye kava la upande wa cheni, mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio, mbali na mkanda unaozunguka. Mtu awashe. Sogeza ncha juu, karibu na tapeti kava (kava la juu la injini), siku moja. Siku nyingine chini zaidi.

Juu kabisa, kwenye ncha ya kamshafti (shafti inayofungua vali), kuna gia ya VVT-i. Ndani yake kuna pini inayoifunga gia injini inapozimwa, ili isicheze wakati wa kuwasha. Pini ikichakaa, mapezi ya ndani hugonga kuta zake mpaka oili iyashike. Mlio wake ni mfupi na mkali sana, watu husema stata imevunjika. Injini kadhaa za Toyota, ikiwemo 2AR-FE na 2GR-FE, zinajulikana kwa tabia hii. Fundi anaweza kufungua tapeti kava injini ikiwa imelala, ashike kamshafti kwa spana kwenye sehemu yenye pembe sita, ajaribu kuitikisa gia. Isiwe na mchezo. Ikicheza kwa kutoa tak-tak, pini imekwisha. Kabla ya kununua gia, hata hivyo, mwambie atoe na kuosha kichujio kidogo cha vali ya oili ya VVT-i; kama kifuniko chako kilikuwa na uji mweusi, kichujio hicho huenda kimezibwa na uji huohuo.

Cheni iliyolegea husikika chini zaidi, mlio wake ni wa kuchapa, mpana, na mara nyingi huja pia ukiachia mafuta ghafla. Hapa chomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, hata kile kifaa kidogo cha bluetooth. P0016 maana yake kompyuta inaona kamshafti na kranki haviendi sawa. Ikiambatana na mlio, kuna uwezekano mkubwa cheni imerefuka, na sitabishana na fundi tena. P0011 au P0012 huelekeza zaidi kwenye mfumo wa VVT-i na oili yake. Bila kodi yoyote, uliza kuhusu tensiona peke yake: kwenye 1ZZ-FE na 2AZ-FE imefungwa kwa nje, hutoka kwa nati mbili bila kufungua kava la mbele. Kwenye injini ambayo tensiona iko ndani, ukishafungua badilisha cheni, tensiona na reli zinazoiongoza cheni pamoja. Usinunue cheni ya mtumba.

Jambo moja la kukulinda mfukoni: si kila injini ina cheni. 5A-FE, 7A-FE, 3S-FE, 1KZ na Subaru za EJ20 zinatumia mkanda wa taimingi badala ya cheni. Anayekuambia cheni ya 5A imelegea anakuuzia kitu kisichokuwepo. EJ20, kwa upande wake, inajulikana kwa pistoni zinazogonga asubuhi, mlio mfu wa tok-tok unaokwisha dakika chache baadaye. Wengi huishi nao miaka. Na mwenye BMW ya dizeli ya N47 aweke bisibisi nyuma ya injini, upande wa giaboksi, maana cheni imefichwa huko. Huyo asisubiri asubuhi nne. Cheni hiyo ikikatika, vali na pistoni hukutana.

Ukilazimika kumpelekea fundi

Mpe rekodi na sekunde ulizohesabu, halafu mwachie gari lilale gereji. Likishafika jioni, liegeshwe palepale litakaposikilizwa asubuhi. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili: kijana wa gereji aliwahi kazini, akalisogeza gari ili mengine yapite, fundi alipofika saa mbili injini ilikuwa ya vuguvugu na hakuna aliyesikia chochote. Siku ya tatu nilibandika karatasi kwenye usukani, "USIWASHE MPAKA FUNDI AJE", na ufunguo nikaondoka nao.

Fundi akaja, nikawasha mbele yake, tukasikiliza pamoja sekunde moja ya mlio iliyokuwa imesalia baada ya filta ya bei ya kutupwa kutoka. Akaweka bisibisi juu, akaosha kichujio cha VVT-i kilichojaa uji, akanirudishia ufunguo. Cheni ni ileile iliyokuja na gari.